Hermes wa Mpingo: Shajara ya Kazi, Juni hadi Oktoba

2 Juni

Leo nimekubali kazi ambayo katika miaka 19 ya kushika tezo hapa Mwenge sijawahi kuagizwa: sanamu ya Hermes, mungu wa Wagiriki wa kale aliyekuwa mjumbe wa miungu wenzake, mlinzi wa wasafiri, wafanyabiashara na wachungaji, na ambaye wezi nao walimhesabu kuwa wao. Mteja ni mzee wa hapa hapa Dar es Salaam ambaye babu yake alitoka Ugiriki kuja kulima katani enzi za Tanganyika, naye anataka kumpelekea dada yake aliyeko Thessaloniki zawadi ambayo mti wake ni wa huku na sura yake ni ya kule. Ametoa masharti mawili, kwamba mti uwe mpingo halisi na kwamba sanamu itoke katika gogo moja bila kiungo. Nimeyapokea yote mawili, ingawa hilo la pili nimelipokea haraka kuliko ilivyostahili.

Ameniachia picha ya Hermes wa Olympia, sanamu ya marumaru iliyofukuliwa mwaka 1877 katika magofu ya hekalu la Hera, ambayo kwa muda mrefu imehesabiwa kuwa kazi ya Praxiteles, mchongaji mashuhuri wa Ugiriki wa kale. Ina urefu wa zaidi ya meta 2. Mungu amesimama akiwa ameuachia mguu mmoja uzito wake, mkono wa kushoto umempakata Dionysos, mungu wa mvinyo, akiwa mtoto mchanga, na mkono wa kulia, ambao umevunjika, ulikuwa umeinuliwa.

Nimeitazama picha hiyo jioni nzima. Mchongaji wa marumaru alikuwa na tatizo lake, kwa sababu miguu miwili ya jiwe ni vigumu kubeba kiwiliwili cha jiwe bila kukatika, ndiyo maana kando ya mungu huyo kuna kisiki kilichofunikwa kwa shuka, na kati ya kisiki na nyonga kuna kijiti cha jiwe kilichoachwa makusudi ili kishikilie. Mimi sina tatizo hilo, kwa kuwa nyuzi za mti zinakwenda wima kama mguu wenyewe, na mguu wa mpingo wenye unene wa kidole gumba hubeba mzigo bila kulalamika. Tatizo langu liko juu. Mkono ulionyooshwa pembeni unazikata nyuzi, na popote nyuzi zinapobaki fupi, mti huo huo uliovunja makali ya shoka hukatika kama biskuti. Wafua shaba waliweza kunyoosha mikono wapendavyo kwa sababu shaba haina nyuzi. Mimi ninaye Hermes wa jiwe kwenye picha na Hermes wa mti kichwani, na hawa wawili hawajapatana.

5 Juni

Gogo la kwanza ni hasara tupu. Nililinunua kwa muuzaji aliyeniapia kwamba ni zima, lakini msumeno ulipofika katikati tukakuta uozo wa rangi ya tumbaku ambao ngumi inaingia. Mpingo mzee mara nyingi huwa na moyo uliooza au uliopasuka, na hilo halina lawama. Lawama iko kwenye udongo na rangi nyeusi alizozibia ncha. Nimepata vipande vya kuchongea mipini ya visu. Fedha haikurudi.

11 Juni

Gogo la pili limetoka Kilwa, katika msitu wa kijiji, likiwa na alama ya nyundo ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania kwenye ncha na hati yake ya kusafirishia mazao ya misitu, ambayo nimeiweka kwenye bahasha pamoja na stakabadhi, kwa kuwa sanamu hii itavuka mpaka. Lina urefu wa sentimeta 74, upana wa sentimeta 27 juu na 19 chini, na limegonga kilo 38 kwenye mizani ya jirani anayeuza vyuma chakavu. Uzito huo haumshangazi anayeujua mti huu, ambao ukiutupa majini huzama. Wanasema mpingo huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia ukubwa wa kuvunwa, kwa hiyo gogo hili huenda lilikuwa mche wakati babu wa mteja wangu anapanda mkonge wake wa kwanza.

Ncha zote mbili nimezipaka nta ya mshumaa iliyoyeyushwa ili unyevu usitoke haraka na kulipasua, kisha nimelifunga kwa gunia lililoloweshwa. Kwenye ncha, kabla ya nta kukolea, nimepima mpaka wa rangi mbili: kiini ni cheusi chenye wekundu wa zambarau kwa mbali, na kukizunguka kuna weupe wa rangi ya siagi wenye unene wa sentimeta 1 na nusu, mahali pengine 2. Wachongaji wengi huufyeka weupe huo siku ya kwanza. Nimeuacha kwanza.

15 Juni

Siku nne sikuligusa gogo. Nilikuwa nikisoma, na nimegundua kwamba nilianza kazi hii kwa kuamini jambo lisilo kweli, yaani kwamba miungu ya Wagiriki ni watu wa marumaru na kwamba mimi ndiye ninayewahamisha kwenye mti. Mambo yalikwenda kinyume. Sanamu zao za kale kabisa, zile zilizoheshimiwa kupita zote, zilikuwa za mti, na walikuwa na neno lake maalumu, xoanon, linalotokana na kitenzi cha kukwangua na kulainisha. Mungu wa kike Athena wa Akropolis, ngome ya mji wa Athens, aliyevikwa vazi jipya katika sikukuu ya Panathenaia hakuwa yule mkubwa wa dhahabu na pembe za ndovu aliyetengenezwa na Pheidias, bali kisanamu cha mzeituni. Hata huyo mkubwa, chini ya dhahabu yake, alisimama kwa mifupa ya mbao. Tunaona marumaru leo kwa sababu mti umeoza na kuungua, na vichache vilivyosalia, kama vile vilivyopatikana katika hekalu la Hera huko Samos, vimesalimika kwa sababu vilizama katika ardhi yenye maji.

Msafiri Pausanias, aliyezunguka Ugiriki katika karne ya 2 BK akiandika alichokiona mahekaluni, ameacha orodha ya miti iliyochongewa sanamu hizo za kale, na wa kwanza katika orodha ni abunusi. Hermes wa mlima Kyllene, anasema, alikuwa wa mti mwingine, na urefu wake aliukadiria kuwa futi 8. Lakini mjini Megara alikuta sanamu za Apollo zilizochongwa kwa abunusi, mbili kati yake zikifanana na za Kimisri, na hapo anaongeza habari iliyonichekesha peke yangu kibandani: kwamba alimsikia mtu wa Kupro akisema mti huo hauna majani wala matunda, hauonekani kabisa juani, bali ni mizizi tu iliyo chini ya ardhi ambayo Waethiopia hujua kuitafuta na kuichimba. Mtu huyo hakuwahi kuchomwa na mwiba wa mpingo, wala kuuona ukiwa umejaa maua meupe.

Nasema mpingo kwa makusudi. Abunusi ya madukani Ulaya leo hutoka kwenye miti ya jamii nyingine, lakini ile ambayo Wamisri wa kale waliiita hbny, na ambayo vipande vyake vimetoka makaburini mwa wafalme wao, imechunguzwa na kuonekana kuwa mpingo huu huu. Wagiriki walilichukua jina hilo kwa Wamisri wakasema ebenos, Waarabu wakalipokea wakasema abanus, na sisi tukalipata kwa Waarabu. Neno limezunguka kupitia bahari ya Mediterania likarudi nyumbani.

Baada ya kusoma hayo niliiweka kando picha ya Olympia na kuanza kumtafuta Hermes atakayeenea ndani ya gogo. Nimempata Tanagra. Inasimuliwa kwamba mji huo ulipopatwa na tauni, Hermes aliizuia kwa kuuzunguka ukuta wake akiwa amembeba kondoo dume mabegani, na Kalamis, mchongaji wa karne ya 5 KK, akamfanyia sanamu katika hali hiyo. Kila mwaka, siku ya sikukuu yake, kijana aliyehukumiwa kuwapita wenzake wote kwa uzuri aliuzunguka ukuta na mwanakondoo mabegani. Sanamu ya Kalamis imepotea, ila mtindo wake umebaki kwenye sarafu za mji: mungu amesimama wima, kondoo amelala nyuma ya shingo yake, na miguu ya mnyama imeshuka mbele ya kifua ambako mikono miwili imeikamata. Hakuna mkono uliokwenda pembeni, na kila kitu kinashuka na nyuzi.

17 Juni

Nilimpigia simu mteja kumwomba tubadili. Nilikuwa nimejiandaa kwa mabishano.

"Shikamoo mzee. Yule wa kwenye picha hatoki katika gogo moja, labda nimkate mikono."

"Marahaba, fundi. Kwani ana mkono? Mbona wa kulia ulishakatika."

Alicheka, akasikiliza habari ya Tanagra mpaka mwisho, kisha akasema bibi yake alifuga kondoo kabla ya kuolewa. Tumekubaliana. Amesisitiza jambo moja tu, kwamba kondoo awe dume na aonekane dume, yaani awe na pembe.

20 Juni

Nimechora pande nne kwa chaki. Sanamu yote itakuwa na urefu wa sentimeta 61, kati yake 6 zikiwa za kitako. Kichwa cha mungu ni sentimeta 7 na nusu, kwa hiyo mwili ni vichwa saba na kitu, kipimo kinachokaribia sanamu za Polykleitos, mchongaji mwingine wa Ugiriki wa kale. Hili limenipa taabu kuliko nilivyotarajia, kwa sababu mkono wangu umezoea vichwa vikubwa. Katika kazi zetu za ujamaa, zile za watu wengi waliopandana katika gogo moja, kichwa ndicho mtu, na mwili unakwenda pale gogo linapouruhusu. Nimefuta na kuchora upya mara tatu, na kila mara kichwa kilikuwa kimekua bila kuniomba ruhusa.

Weupe nimeupatia kazi. Kondoo akilala mabegani, mgongo wake unaangukia upande wa nyuma wa gogo na kichwa chake ukingoni kabisa, yaani mahali penye weupe, wakati uso na kifua cha mungu viko ndani kwenye kiini. Nikiwa mwangalifu nitapata kondoo mweupe juu ya mungu mweusi bila tone la rangi. Wasiwasi wangu ni bungua, ambao hawagusi kiini lakini weupe ni chakula chao, kwa hiyo nitaupaka dawa kabla ya mafuta.

2 Julai

Kutoa umbo kumechukua siku tisa. Shoka limefanya siku mbili za kwanza, na baada ya hapo ni tezo peke yake, tezo kubwa na kisha ndogo, huku jiwe la kunolea likiwa karibu kwa sababu makali yanakwisha kila baada ya robo saa. Kila jioni gogo linarudi kwenye gunia lake. Sasa linaonekana kama mtu aliyejifunika blanketi kubwa siku ya mvua: mabega mapana mno, kichwa kimezama, miguu bado ni nguzo moja.

Mzee mmoja wa banda la tatu, ambaye alinifundisha kunoa nilipokuja mjini, alisimama kuangalia, akauliza kama ni kweli kwamba nachonga mungu, na kama siogopi. Nikamjibu kwamba kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Akasema methali hiyo ni ya wachongaji, lakini waabudu je, wao hawakukichonga. Sikuwa na jibu, naye hakulisubiri. Aliinama akanionyesha kwamba goti la kushoto liko juu mno, na alikuwa sahihi.

8 Julai

Hakuna kilichofanyika tangu Sabasaba ianze. Wageni ni wengi, wanataka twiga.

19 Julai

Uso na kofia. Hermes wa kale zaidi ana ndevu, na kuna kisanamu cha shaba cha Arkadia, kilichoko katika makumbusho ya Boston, ambacho kina ndevu, kofia na kondoo kwapani. Hermes kijana asiye na ndevu alizoeleka baadaye. Nimechagua kijana, kwa kuwa huyu ndiye atakayefanana na yule mvulana wa sikukuu ya Tanagra, na pia, niseme kweli, kwa kuwa ndevu katika mpingo mweusi hazionekani mpaka mtu azishike.

Katika kofia na mabawa nimeongozwa na maelezo ya Apuleius, mwandishi wa Kilatini aliyezaliwa Afrika ya Kaskazini, ambaye mnamo mwaka 158 au 159 BK alishtakiwa huko Sabratha, katika Libya ya leo, kwa uchawi. Moja ya tuhuma ilikuwa kwamba alichongesha kwa siri kisanamu cha kutisha cha mti wa thamani. Alipojitetea alikitoa kisanamu chenyewe mbele ya hakimu, kikawa ni Mercurius, ambaye ndiye Hermes kwa jina la Kirumi, kilichochongwa kwa abunusi na fundi aitwaye Saturninus. Apuleius alieleza kwamba yeye aliomba mti wa kawaida tu, lakini mtoto wa mkewe, akitaka kumfurahisha, akapata kasha la abunusi kwa mama mmoja na kumwambia fundi alitumie. Kisha akawataka watu watazame: uso mchangamfu, vinyweleo vinavyoanza kutambaa mashavuni, nywele za mawimbi zinazochungulia chini ya ukingo wa kofia, mabawa mawili yanayolingana juu ya panja, na shuka lililofungwa mabegani. Sijui kesi nyingine ambayo mchongaji amemwokoa mshtakiwa kwa ufundi wa nywele.

Vinyweleo vya mashavuni nimeviacha kwa Saturninus. Nywele za chini ya kofia nimezichonga, kwa patasi ya milimita 3, vishungi kumi na vinne kutoka sikio hadi sikio. Mabawa nimeyalaza juu ya kofia badala ya kuyasimamisha, na ukingo wa kofia nimeupa unene wa milimita 6, kwa kuwa unakwenda pembeni na nyuzi zake ni fupi pande mbili. Pua ndiyo iliyonisimamisha. Mara mbili nilijikuta naichonga pua ya kaka yangu. Mara ya tatu niliiacha, nikaona kwamba inamkaa vizuri, na nani atakayekuja kusema Hermes alikuwa na pua gani.

6 Agosti

Kichwa cha kondoo kimekatika.

Nieleze ilivyotokea ili nisirudie. Kilikuwa kimechomoza sentimeta 9 kutoka begani, kikitazama kushoto, na nilikuwa nikiondoa mti chini ya kidevu chake kwa patasi na nyundo ya mti. Ningepaswa kuacha daraja la mti kati ya kidevu na bega la mungu mpaka siku ya mwisho, kama yule mchongaji wa Olympia alivyoacha kijiti chake cha jiwe nyongani, ambacho mimi nilikitaja katika shajara hii hii kana kwamba ni udhaifu wa marumaru. Daraja nililiondoa jana kwa sababu lilinizuia kuona. Leo saa tano asubuhi, pigo ambalo wala halikuwa kubwa, ukasikika mlio mkavu kama wa kokwa, na mdomo, pua na pembe zote mbili vikaanguka kwenye vumbi, kipande cha sentimeta 4, chote cheupe, na kilipokatikia ni safi kama kilichokatwa kwa kisu.

Kijana ninayemfundisha alikwisha kutoa supagluu mfukoni kabla sijasema neno. Ni kweli kwamba gundi na unga wa mpingo vingeliziba jambo hili, na katika soko hili vimeziba mengi, kama vile rangi ya viatu inavyougeuza mti wowote kuwa mpingo kwa mgeni mwenye haraka. Lakini sharti lilikuwa gogo moja bila kiungo, na gundi ni kiungo. Nimeifunika kazi, nikaenda kunywa chai, na sikurudi.

9 Agosti

Siku tatu nimeuzunguka mkato ule. Kilichobaki begani ni shingo nene ya sentimeta 5, na kwa bahati pengo kati ya shingo hiyo na ukingo wa kofia nilikuwa sijalifungua, kwa hiyo pana mti wa kutosha kwenda juu, ingawa hakuna tena wa kwenda nje. Kondoo hawezi kutazama kushoto. Anaweza kugeuka.

Nimemgeuza. Kichwa kipya kinarudi nyuma juu ya shingo na kuinuka, mdomo ukielekea sikio la Hermes, kana kwamba mnyama anamwambia jambo. Na kwa kuwa sasa pua inakwenda juu badala ya pembeni, nyuzi zinapita ndani yake kutoka kidevuni hadi puani bila kukatwa. Naweza kuukamata mdomo huo na kuinyanyua nao sanamu nzima, jambo ambalo nimelifanya mara moja, kwa majaribio, na sitalifanya tena. Sura yote imebadilika. Kabla, mungu alikuwa amebeba mzigo na mzigo unaangalia upande wake. Sasa wako pamoja. Hermes mwenyewe nimelazimika kumwinamisha shingo kidogo upande huo, milimita chache tu, kwa kupunguza shavu la kushoto.

Jioni ya pili kijana wangu alisimama mbali, akiwa ameshika ufagio.

"Fundi, samahani, huyu si kondoo wa Kisomali?"

Nikarudi nyuma hadi alipokuwa. Weupe wa kichwa ulikuwa umeondoka na kipande kilichovunjika, na kichwa kipya kimetoka ndani, kwenye kiini. Mwili ni mweupe kuanzia shingoni kwenda nyuma, na kichwa ni cheusi tii. Kila mtu aliyewahi kupita mnadani anamjua kondoo huyo.

12 Agosti

Mteja amekuja. Nilimweleza kabla hajaona, nikamwonyesha na kipande chenyewe, kwa kuwa kazi ni yake na hasara, kama angeikataa, ingekuwa yangu. Alikaa kwenye kigoda, akavaa miwani, akatazama muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Kondoo wa Kisomali hana pembe," alisema.

"Ndiyo, mzee, hana."

"Na huyu wetu?"

Nilimwonyesha uvimbe nilioubakiza nyuma ya sikio la kondoo, wenye mti wa kutosha pembe moja tu, ile ya upande wa nje, iliyojiviringa na kulala kabisa juu ya shavu bila kuchomoza. Ya upande wa ndani itakuwa imejificha kwenye kofia. Alifikiri, akasema kwamba Mgiriki aliyezaliwa Tanga naye ana pembe moja. Akaagiza chai ya watu wote bandani.

3 Septemba

Magoti, viganja, nyayo. Mguu wa kushoto uko mbele kidogo, uzito umegawanyika karibu sawa, kwa kuwa mtu aliyebeba kondoo haegemei mguu mmoja kama anayepiga soga. Vidole vinavyoikamata miguu ya mnyama ndivyo sehemu ninayoiona bora katika kazi yote: kidole gumba cha kulia kimezama katika manyoya juu ya kwato, na ngozi ya kondoo imejikunja mbele yake. Shuka limeteremka nyuma hadi kwenye mapaja, na huko nimeliacha na alama za tezo, mistari mifupi inayofuatana kama magamba, kwa sababu nguo iliyolainishwa mno katika mpingo huonekana kama plastiki.

26 Septemba

Tupa imekwisha, msasa unaendelea, namba 80, 120, 240, 400, na sasa 800 kwenye uso na viganja tu. Vumbi la mpingo ni shari. Limenitoa vipele kwenye mikono na kifua, na kijana wangu alipiga chafya wiki nzima mpaka nilipomkataza kuingia bila barakoa na kumhamishia kazi nje, upande unaoupa upepo mgongo. Ufa mwembamba kama unywele umejitokeza kwenye kitako, nyuma, wa sentimeta 3. Niliuwekea alama ya kalamu tarehe 12, na haujasogea.

Weupe umepakwa dawa ya bungua mara mbili, kwa brashi ndogo.

8 Oktoba

Rangi ya viatu haitagusa sanamu hii. Nimetumia nta ya nyuki iliyolainishwa kwa mafuta ya kitani, tabaka nne nyembamba, kila moja ikisuguliwa kwa kitambaa cha pamba mpaka kiganja kipate moto. Kiini kimeitikia mara ya kwanza, kikatoa wekundu wake wa ndani kwenye mashavu na magoti, mahali ambapo mwanga unapita pembeni. Wagiriki walizipaka rangi sanamu zao, na mteja aliwahi kuuliza kama tuyapake macho. Nimeyaacha. Nilichofanya ni kutoipaka nta mboni, kwa hiyo imebaki imefifia kidogo ndani ya jicho linalong'aa, na mtu akisogea mbele ya sanamu huona kama imemfuata.

14 Oktoba

Mizani ya jirani imesema kilo 6 na gramu 400. Gogo lilikuwa 38. Kilichobaki kimekuwa chipsi za kuwashia moto, na vipande vinne vinavyofaa kwa vijiko. Uzito huo una maana nyingine pia. Mpingo, pamoja na karibu jamii yake yote, uliingizwa katika orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu Januari 2017, lakini tangu 2019 bidhaa iliyokamilika ambayo mti wake hauzidi kilo 10 kwa shehena moja haibanwi na masharti hayo. Hata hivyo nimemkabidhi mteja bahasha yote, hati ya kusafirishia, stakabadhi, na picha ya alama ya nyundo niliyopiga kabla ya kuipaka nta ncha, kwa sababu afisa wa forodha hawezi kujua kwa macho kwamba mti huu ulivunwa kihalali.

Sanduku ni la mninga, limejazwa maranda na kitambaa, na kichwa cha kondoo kimewekewa mto wake peke yake. Mteja aliomba pia kipande kilichovunjika, ule mdomo mweupe wenye pembe mbili. Nilikuwa nimekiweka dirishani na nilikwisha kukizoea, lakini ni chake. Nimekizungushia gazeti na kukiweka kwenye kona ya sanduku, karibu na miguu. Misumari inapigwa Jumamosi.